Kutengeneza ubao wa mawimbi kwa mkono: kuanzia gogo la foamu hadi polishi

Ubao wa kuteleza mawimbini una vitu vitatu vikuu ndani yake: foamu, kitambaa cha faibaglasi na resini. Ugumu wake uko kwenye mpangilio wa kazi. Kila hatua hurithi makosa ya hatua iliyoitangulia, na resini haifichi kitu. Bonde dogo usiloliona kwenye foamu nyeupe litaonekana wazi likishapigwa polishi, na hapo hakuna namna ya kulitoa. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia muda mwingi kwenye foamu, ambako kosa bado linarekebishika.

Vipimo vya kazi hii ni futi na inchi karibu kila mahali duniani, hata kwa mafundi wanaopima mengine yote kwa sentimita. Magogo (mapande ya foamu ambayo hayajachongwa), mapezi na violezo mara nyingi huuzwa kwa inchi, kwa hiyo tutazitumia hapa. Inchi moja ni sentimita 2.54.

Anza na kadi, si randa

Karakana za mbao za mawimbi zilizodumu miaka mingi zina desturi moja: kila ubao una kadi yake. Kadi huandikwa uzito wa mteja, uwezo wake, aina ya mawimbi anayoyapanda, kisha urefu, upana, unene, upana wa pua na mkia, na upinde, yaani jinsi pua na mkia vinavyoinuka. Baada ya kazi huongezwa aina ya gogo, kitambaa, na mahali mapezi yalipowekwa. Mteja akirudi na kusema ubao wake unachelewa kugeuka, fundi anavuta kadi na kubadilisha kitu kimoja tu. Bila kadi, kila ubao ni kubahatisha upya. Fanya hivyo hata kama unatengeneza ubao mmoja kwa ajili yako mwenyewe.

Mfano tutakaoufuata ni ubao wa mtu wa kilo 75 hivi, anayeweza kusimama tayari lakini bado anataka ubao unaoshika wimbi mapema:

- Urefu: futi 7 na inchi 2
- Upana mahali papana zaidi: inchi 21½
- Unene katikati: inchi 2¾
- Upana wa pua, inchi 12 kutoka nchani: inchi 16
- Upana wa mkia, inchi 12 kutoka mwisho: inchi 15
- Upinde: inchi 4½ puani, inchi 2¼ mkiani

Hiyo ni takriban lita 46 za ujazo. Kwa ubao wa kwanza usiende mfupi zaidi ya hapo. Ubao mfupi mwembamba una mikunjo mikali, na kosa la robo inchi kwenye mkia wake linabadilisha tabia ya ubao mzima. Ubao wa futi 7 unastahimili zaidi.

Kuchagua gogo

Magogo ni ya aina mbili. Foamu ya poliyurethani ndiyo iliyotumika tangu Hobie Alter na Gordon Clark walipoiendeleza huko California mwishoni mwa miaka ya 1950 badala ya mbao za balsa. Inakatika vizuri, msasa unaipenda, na inakubali resini ya poliesta na ya epoksi pia. Aina ya pili ni EPS, ile nyeupe ya chembechembe. Ni nyepesi, lakini hunyonya maji ubao ukitoboka na hung'oka chembe ukiiranda kwa pupa. EPS na epoksi zilipata nguvu zaidi baada ya kiwanda cha Clark Foam, kilichokuwa kikilisha sehemu kubwa ya karakana za Marekani, kufungwa ghafla tarehe 5 Desemba 2005.

Shika hili kabla ya kununua chochote: resini ya poliesta huyeyusha EPS. Ina stairini ndani yake, na stairini huila foamu hiyo palepale hadi kubaki shimo. EPS ni kwa epoksi peke yake. Kama hujui gogo ulilonalo ni la aina gani, dondoshea resini tone moja kwenye kipande kilichokatwa pembeni.

Mwongozo huu unafuata poliyurethani na poliesta. Nunua gogo lenye urefu wa futi 7 na inchi 5 au zaidi kidogo, lenye uti wa mbao katikati, na lenye upinde unaokaribia ule ulioandika kwenye kadi. Usinunue gogo bapa ukitegemea kulipatia upinde kwa randa. Foamu iliyo karibu na ngozi ya gogo ndiyo ngumu kuliko yote, na ile ya katikati ni laini. Ukichimba sana kutafuta upinde, unafika kwenye foamu laini, na sitaha, yaani upande wa juu unaosimamiwa, itabonyea chini ya visigino baada ya muda mfupi.

Kabla ya kulipa, kagua kama gogo limejipinda. Laza fito mbili zilizonyooka kukatiza gogo, moja puani na nyingine mkiani, kisha chungulia kwa jicho moja kutoka mwisho. Fito zikiwa sambamba, chukua. Kama moja imeinama, acha. Msokoto unaweza kurandwa, lakini hiyo si kazi ya ubao wa kwanza.

Chumba na zana

Taa ni muhimu kuliko randa. Funga taa ndefu za tyubu kwenye kuta mbili za pembeni, juu kidogo tu ya usawa wa ubao ukiwa kwenye stendi, na uzime taa ya dari. Mwanga wa pembeni hulala juu ya foamu na kila bonde linatoa kivuli. Mwanga wa juu unafuta vivuli vyote. Kuta zipakwe rangi ya giza, bluu au kijani, ili ubao mweupe uonekane ukingo wake.

Utahitaji randa ya umeme inayorekebishika kina, msumeno wa mkono, randa ndogo ya kupunguzia uti, tupa ya meno makubwa ya kukwangulia foamu, misasa namba 60, 80, 120, 150 na 220, vibao vigumu na vilaini vya kushikia msasa, wavu wa msasa, skwea, rula ndefu ya chuma na kipima unene chenye mikono miwili mirefu. Stendi ziwe kimo cha nyonga yako. Mgongo ukiuma, mkono hukosea.

Vumbi la foamu ni jembamba na hukaa mapafuni. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso tangu unapoanza kuranda. Wakati wa resini badilisha: barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Unahitaji ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Kuchonga

1. *Ondoa ngozi.* Anza upande wa chini. Weka randa kwenye kina cha milimita moja hadi mbili, tembea kutoka mkiani hadi puani bila kusimama, kisha sogea pembeni nusu ya upana wa randa na urudie. Ukisimama katikati, randa inachimba. Kwenye sitaha toa ngozi tu. Unene mwingi utolewe upande wa chini.

2. *Chora umbo.* Kiolezo ni nusu ya ubao, kimekatwa kwenye plaiwudi nyembamba. Kilaze upande mmoja ukifuata uti, chora, kigeuze, chora upande wa pili. Kwa kuwa pande zote mbili zimetoka kwenye kiolezo kimoja, hazitatofautiana. Kabla ya kukata, hakikisha upana ni inchi 21½ mahali papana zaidi, na inchi 16 puani na 15 mkiani, ukipima inchi 12 kutoka kila ncha.

3. *Kata nje ya mstari.* Acha robo inchi. Msumeno ushikwe wima kabisa, maana mtu asiyezoea huuinamisha bila kujua na upande wa chini unabaki mwembamba kuliko wa juu. Kisha shuka hadi kwenye mstari kwa randa na kibao kirefu cha msasa namba 60, ukihakikisha kwa skwea kwamba ukuta wa ukingo una nyuzi 90 mzunguko mzima. Pitisha viganja vyote viwili kwa pamoja, kimoja kila upande, ukiwa umefumba macho. Kidole huhisi nundu ambalo jicho limelizoea.

4. *Upinde na unene.* Laza rula ndefu juu ya upande wa chini, iguse katikati, upime umbali puani na mkiani. Rekebisha hadi ufikie namba za kadi. Ndipo upime unene: inchi 2¾ katikati, ukipungua taratibu hadi karibu inchi 1½ ukiwa inchi 12 kutoka kila ncha. Upande wa chini wa ubao huu uwe bapa, na mteremko mdogo wa umbo la V katika futi ya mwisho, usiozidi robo inchi.

5. *Kingo.* Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa sababu wanaanza kuviringisha mapema. Kingo huchongwa kwa miteremko bapa, ambayo huviringishwa mwisho kabisa. Kwenye ukuta wa ukingo chora mistari miwili kwa penseli: mmoja inchi 1 kutoka chini, wa pili inchi 1⅝. Kwenye sitaha chora inchi 1½ na inchi 3½ kutoka ukingoni. Randa mteremko wa kwanza kutoka mstari wa 3½ hadi ule wa 1⅝. Fanya pande zote mbili kabla ya kwenda mbele. Kisha mteremko wa pili, kutoka 1½ hadi kwenye mstari wa inchi 1. Mistari yote ikaribiane unapoelekea puani na mkiani, kwa uwiano wa unene. Sasa geuza ubao, utoe mteremko mdogo wa upande wa chini, robo tatu ya inchi. Usiuendeleze hadi mwisho: inchi 14 za mkiani ukingo wa chini ubaki mkali, maana hapo ndipo maji yanatakiwa kuachana na ubao. Ukiuviringisha, maji yanaupanda ukingo na ubao unakuwa mzito kwenye kasi.

Mpaka hapo kingo zina pembe zinazoonekana. Kama pembe hizo zinakwenda sambamba pande zote mbili, kazi ngumu imekwisha. Zungushia wavu wa msasa juu ya ukingo kwa mwendo wa kung'arisha kiatu, urefu mzima bila kusimama, hadi pembe zipotee.

6. *Uti.* Foamu huisha haraka kuliko mbao, kwa hiyo uti utakuwa umechomoza. Ushushe kwa randa ndogo yenye kisu kikali hadi ulingane na foamu. Usitumie msasa: utachimba mifereji miwili kando ya uti, nayo itajaa resini na kuongeza uzito.

Maliza kwa msasa namba 120 kisha 150, mkono mwepesi. Weka alama za mapezi. Andika vipimo na namba ya ubao kwa penseli kandokando ya uti. Vitabaki chini ya faibaglasi maisha yote.

Mahali pa mapezi

Mpangilio wa mapezi matatu ulioenea tangu Simon Anderson wa Australia alipouonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 unafaa kwa ubao huu. Pezi la kati: ncha yake ya nyuma iwe inchi 4 kutoka mwisho wa mkia, juu ya uti. Mapezi ya pembeni: ncha ya nyuma inchi 12½ kutoka mwisho wa mkia, na inchi 1¼ kutoka ukingoni. Sehemu ya mbele ya kila pezi la pembeni ielekee ndani, yaani iwe karibu na uti kwa robo inchi kuliko sehemu ya nyuma. Yainame nje kwa nyuzi 5 hivi. Pima kutoka kwenye uti, si kutoka ukingoni peke yake, na ulinganishe kulia na kushoto mara mbili. Pezi moja likiwa mbele ya mwenzake kwa nusu inchi, ubao utavuta upande mmoja daima.

Resini na hadena

Resini ya poliesta ni ya aina mbili na usizichanganye kichwani. Ya kulazia kitambaa haina nta, na uso wake hubaki unanata kwa sababu hewa huzuia tabaka la juu kukauka. Mnato huo ndio unaofanya tabaka linalofuata lishike. Ya kujazia ina nta, ambayo hupanda juu, hufungia hewa nje, na uso hukauka mgumu kiasi cha kupigwa msasa. Ukilaza kitambaa kwa resini yenye nta, tabaka linalofuata litabanduka.

Hadena, kemikali inayoifanya resini ikauke, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kwa lita moja hiyo ni mililita 10 hadi 20. Kwenye joto la nyuzi 30 anza na 10. Kwenye nyuzi 20, tumia 15. Ukizidisha, resini inakuwa dhaifu kama kioo na kupasuka. Ukipunguza chini ya asilimia 1 inaweza isikauke kamwe. Jaribu kwanza: mililita 50 za resini na nusu mililita ya hadena kwenye kikombe. Unataka ianze kuganda kati ya dakika 15 na 20.

Hadena ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, na weka maji karibu. Ikitokea, osha mfululizo angalau dakika 15 huku ukipelekwa hospitali. Usiichanganye kamwe moja kwa moja na kichochezi cha kobalti, kwa maana hulipuka. Resini iliyochanganywa na hadena ikibaki koponi hupata moto na kutoa moshi, basi itoe nje, juu ya saruji, mbali na matambara yenye asetoni.

Kulaza kitambaa

Upande wa chini hupata tabaka moja la aunsi 6, karibu gramu 200 kwa mita ya mraba. Sitaha hupata mawili, aunsi 6 na aunsi 4. Fanya kazi hii joto likiwa linashuka, mchana ukielekea jioni. Foamu inayopata joto husukuma hewa nje, na hewa hiyo inakuwa mapovu chini ya kitambaa.

Puliza vumbi lote. Tandika kitambaa upande wa chini, kikate kikining'inia inchi 2 chini ya ukingo, na ukate vipande vya pembetatu puani na mkiani ili kisijikunje. Changanya mililita 800 za resini. Mimina karibu yote katikati, kutoka mkiani hadi puani, uisambaze kwa skrepa ya plastiki bila kuminya, kisha ngoja dakika mbili kitambaa kinywe. Watu huharaka hapa. Kitambaa kinaondoka weupe wake chenyewe ukikipa muda.

Kinachofuata ni kuvuta. Skrepa iinamishwe nyuzi 45, uvute kutoka kwenye uti kuelekea ukingoni, ukisukuma resini ya ziada imwagikie kitambaa kinachoning'inia. Kikishalowa, kikunjie chini ya ukingo, ukikaza kwa skrepa mzunguko mzima. Tazama uso kwa mwanga wa pembeni: weupe ni mahali pakavu, mng'ao wa dimbwi ni resini iliyozidi na kitambaa kinaelea. Kinachotakiwa ni uso ambao foamu inaonekana wazi na nyuzi bado zinahisika kwa kidole. Resini ikianza kuwa kama jeli, simama. Kuigusa baada ya hapo ni kuvuta kitambaa.

Ikishakauka, kwaruza nyuzi zilizosimama, geuza, ulaze sitaha kwa namna hiyohiyo na lita 1.1 hivi. Tabaka zote mbili zilowane pamoja.

Mapezi na kamba ya mguu

Masanduku mengi ya mapezi, yaani vishikio vinavyoingizwa mapezi, hukatiwa nafasi kwa ruta (mashine ya kuchonga mashimo na mifereji) baada ya kitambaa kukauka, kwa kutumia kiolezo cha mtengenezaji wake. Mengine huwekwa kabla ya kitambaa, basi fuata maelekezo ya lile ulilonunua. Pima unene wa mkia kabla ya kuweka kina cha ruta, maana sanduku likizidi linatokeza sitahani. Ziba mdomo wa sanduku kwa utepe, jaza shimo nusu kwa resini iliyochanganywa na nyuzi za faibaglasi zilizokatwakatwa, likandamize hadi resini ipande kingoni. Kikombe cha kamba ya mguu kikae sitahani, inchi 2 kutoka mwisho wa mkia, kando ya uti.

Tabaka la kujazia, na msasa

Tangu hapa usiguse ubao kwa kiganja kitupu. Mafuta ya ngozi huifanya resini ijikusanye na kuacha vishimo vya duara. Bandika utepe mzunguko mzima chini kidogo ya katikati ya ukingo. Mililita 450 za resini yenye nta, hadena asilimia 1.5 hadi 2, brashi ya inchi 4. Paka kwa urefu, halafu kwa upana, halafu mshazari, na umalize kwa urefu na brashi nyepesi. Utepe utoke resini ikiwa jeli. Ukiuacha ukauke, utaondoka na vipande. Ikikauka, geuza na ufanye upande wa pili.

Subiri usiku mzima. Kisha mashine ya msasa yenye pedi laini na namba 80 kwa ajili ya kusawazisha, halafu 120 na 220. Kingo zipigwe kwa mkono tu: mashine hula ukingo kwa sekunde chache. Mchoro wa nyuzi ukianza kuonekana, acha hapo hapo. Nyuzi zilizokatwa ni ubao uliodhoofishwa, na zinahitaji kupakwa tena. Maliza kwa msasa wa maji namba 400.

Kumaliza hapo ni halali kabisa, na ubao unakuwa mwepesi. Anayetaka mng'ao apake tabaka moja jembamba zaidi, kisha msasa wa maji 600, 1000, na polishi ya kusugulia.

Dalili na chanzo chake

Vitobo vidogo kama vya sindano baada ya msasa ni hewa iliyonaswa wakati wa kulaza. Vizibe kwa resini yenye nta, la sivyo maji yatapenya. Kitambaa kikiachana na foamu kwa eneo kubwa, mara nyingi vumbi halikupulizwa au resini ilivutwa kupita kiasi. Nyufa kama utando wa buibui bila ubao kugongwa ni hadena iliyozidi. Sitaha inayobonyea mapema ni foamu ya ngozi iliyorandwa sana. Uso unaoziba msasa kila baada ya dakika haujakauka. Usibadilishe msasa, ongeza siku.

Ubao ulioisha uhifadhiwe mahali pakavu penye kivuli kwa wiki moja hadi mbili kabla ya kuingia majini, maana poliesta huendelea kukaza. Wakati ukisubiri, pima tena urefu, upana, unene na uzito wake, uandike kwenye kadi kile ulichotengeneza hasa, kando ya kile ulichokusudia.